Chuo cha Kilimo ni Mali ya Nani?

Mtu akitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, akaliacha Ziwa Victoria nyuma yake na kuyapita majabali ambayo ni pambo la nchi ile, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 30 hufika Ukiriguru, katika Wilaya ya Misungwi. Jina hili halina sifa ya vita wala ya ufalme. Sifa yake ni pamba. Tangu miaka ya 1930 pamekuwapo kituo cha utafiti mahali hapo, na mbegu zilizotoka katika kituo hicho zilipewa alama ya UK, yaani herufi mbili za kwanza za jina la Ukiriguru. Wakulima wa Kanda ya Ziwa wamezipanda UK77, UK82 na UK91 msimu hata msimu, na pengine wengi wao hawakujua kwamba wanapanda jina la kijiji cha jirani. Kando ya kituo hicho pana chuo cha kilimo. Kilianza wakati wa Waingereza kama mahali pa kuwafunza wasaidizi wa idara ya kilimo, na siku hizi hutoa vyeti na stashahada.

Katika makala haya nakusudia kueleza namna shule ya kilimo inavyogeuka kuwa chuo cha umma. Tumezoea kuisimulia historia ya vyuo kwa kuhesabu majengo, wanafunzi na shahada. Hesabu hizo zina faida, lakini hazijibu swali lililo kubwa: chuo ni mali ya nani, na nani ana sauti katika uongozi wake? Naamini kwamba shule hufundisha mara mbili. Hufundisha kwa masomo yake, tena hufundisha kwa namna inavyotawaliwa. Mwanafunzi aliyelelewa kwa amri tupu huondoka na elimu ya udongo kichwani na amri mdomoni. Na akifika kwa mkulima, hutoa kwanza kile kilicho mdomoni.

Kilimo cha amri

Kabla ya kuja kwa shule, Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kuendesha kazi ya shamba. Vijana wa kijiji walijiunga pamoja kulima kwa zamu, jembe moja likifuata jingine kwa mwendo wa ngoma. Mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Hakuteuliwa na serikali wala hakurithi cheo. Vijana wenyewe walimchagua, na aliyeshindwa kuwaongoza kwa haki hakuweza kudumu. Wazee nao walikuwa na elimu ya ardhi. Walitofautisha luseni, udongo wa kichanga wa sehemu za juu, na itogolo iliyo chini yake, na mbuga yenye udongo mweusi mzito. Wataalamu wa udongo walipofika walikuta majina hayo yana maana kamili, nao wakayatumia katika maandishi yao. Basi si kweli kwamba elimu ya kilimo ililetwa ikiwa kamili mahali pasipokuwa na kitu.

Ukoloni ulileta mambo mawili kwa pamoja, na shida ilikuwa kwamba hayakutenganishwa. La kwanza lilikuwa sayansi. Wataalamu wa Ukiriguru walichagua pamba yenye majani ya manyoya, kwa sababu vidudu wanaofyonza utomvu wa majani huipata kwa taabu. Walijifunza faida ya samadi, na faida ya matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vya udongo ili maji ya mvua yasikimbie. Mambo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. La pili lilikuwa amri. Katika mwaka 1947 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, na makao yake yakawa Malya. Chini ya mpango huo mkulima alitakiwa kwa sheria kufanya matuta, kutia samadi na kupunguza mifugo yake. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa.

Msaidizi wa kilimo ndiye aliyepeleka amri hizo vijijini. Alikuwa kijana Mwafrika, mara nyingi mwana wa mkulima, lakini hakuwa na sauti juu ya kile alichofundishwa wala juu ya kile alichotumwa. Mkulima naye hakuwa na mahali pa kusema kwamba tuta linalofaa katika luseni huenda lisifae katika mbuga. Amri ilishuka kutoka juu, lakini hapakuwa na njia ya jibu kupanda kutoka chini. Chama cha TANU, ambacho kingeweza kuwa njia hiyo, kilinyimwa ruhusa ya kuendesha matawi katika Usukuma tangu mwishoni mwa mwaka 1954 hadi mwaka 1958. Njia halali zikifungwa, watu hutafuta nyingine. Katika mwaka 1958 wananchi wa Geita walikwenda Mwanza kwa wingi kutoa malalamiko yao, na kufikia wakati huo serikali ya kikoloni ilikwisha kuona kwamba sheria nyingi za kilimo hazitekelezeki. Ikazilegeza.

Hapa pana fundisho ambalo mwalimu anaweza kulitia mikononi mwa wanafunzi wake. Samadi haikuwa mbaya, wala matuta hayakuwa mabaya. Lakini kwa miaka mingi baadaye palikuwa na wakulima walioyachukia matuta kwa sababu walikumbuka faini. Sayansi njema iliharibiwa na utawala mbaya.

Nakumbuka katika utoto wangu, miaka ya mwisho ya 1970, bwana shamba alikuja nyumbani kwetu kwa baiskeli kuangalia kama mashina ya pamba yameng'olewa na kuchomwa. Akaketi chini ya mwembe, akapasua kitumba kilichosalia, akatuonyesha funza aliyejificha ndani yake akingojea msimu ujao. Babu alipomwona ameondoka alisema, "Huyu anaeleza. Yule wa zamani alihesabu tu mashina akaandika jina." Kazi iliyotakiwa ilikuwa ile ile, na tarehe ya mwisho iliwekwa kwa sheria kama zamani. Lakini safari hii babu aliing'oa pamba yake bila kinyongo, kwa kuwa alikwisha kumwona adui kwa macho yake.

Kutoka Morogoro hadi kwa taifa

Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi yetu haikuwa na chuo kikuu cha kilimo. Mtanganyika aliyetaka shahada ya kilimo alivuka kwenda Makerere, Uganda. Shule kama ya Ukiriguru zilitoa wasaidizi, lakini hazikutoa wataalamu wa juu, wala hazikuwa na mamlaka yao wenyewe; zilikuwa sehemu ya wizara, na mkuu wa shule alikuwa mtumishi wa wizara kama watumishi wengine. Ili tuone safari nzima ya kutoka shule hadi chuo cha umma, inatubidi tuondoke kwa muda pwani ya ziwa twende Morogoro, kwa maana huko ndiko hatua zote zilikopitiwa.

Katika mwaka 1965 kilifunguliwa Morogoro chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na mwezi wa Julai kikazaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Morogoro kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu hicho kipya, nacho kikaanza kufundisha shahada. Mwaka 1974 iliongezwa idara ya misitu, na mwaka 1976 idara ya utabibu wa mifugo. Hatimaye, kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1984, kitivo hicho kilifanywa chuo kikuu kamili kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, katika Mkoa huo huo wa Morogoro, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam.

Tukizitazama hatua hizo kwa macho ya utawala, tunaona mambo matatu tofauti. Chuo cha stashahada huendeshwa kwa maagizo ya wizara. Kitivo huendeshwa na chuo kikuu mama. Na katika jambo hili chuo mama kilikuwa karibu kilomita 200 kutoka mashambani. Hapo pana tatizo ambalo kila mkulima atalifahamu. Mvua haingoji kikao. Shamba la mafunzo huhitaji mbegu, mafuta ya trekta na vibarua katika wiki maalumu za mwaka, na maamuzi yakichelewa mjini, msimu hupita na somo hupita pamoja nao. Chuo kikuu kamili ndicho chenye mamlaka yake, fedha zake na wajibu wake.

Lakini mamlaka hayo hayakabidhiwi kwa mtu mmoja. Sheria ya chuo cha umma huyagawa, na ni vema mwanafunzi ajue mgawanyo huo. Yuko Mkuu wa Chuo, ambaye ni kama mlezi na hutoa shahada. Liko Baraza, ambalo husimamia mali, fedha na ajira. Iko Seneti, ambayo huamua mambo ya masomo na mitihani. Yuko Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji wa kila siku na hujibu mbele ya Baraza. Kila kiungo humtazama mwenzake. Makamu hawezi kujipangia mitihani peke yake, wala Baraza haliwezi kumpa mtu shahada asiyoistahili. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliuweka utaratibu huu chini ya sheria moja kwa vyuo vyote, na Chuo Kikuu cha Sokoine kikapata hati yake mwaka 2007.

Utaratibu huu haukukubalika bila mvutano. Zamani Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa Rais wa Jamhuri mwenyewe, na Makamu wake wa kwanza, Pius Msekwa, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa letu, alitoka katika uongozi wa TANU. Wapo waliosema kwamba chuo cha umma lazima kiongozwe na watu wa umma, na Chama ndicho umma. Wapo waliosema kwamba chuo kisichojitawala hakiwezi kusema kweli. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, uliowakataza viongozi majivuno na ubabe. Katika mwezi wa Julai mwaka huo huo pakazuka mzozo mkubwa chuoni kuhusu sauti ya wanafunzi katika maamuzi, na rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, akakamatwa na polisi. Simo katika kuhukumu nani alikosea. Ninachotaka kionekane ni kwamba swali la babu yangu chini ya mwembe, kama bwana shamba anaeleza au anaamuru, lilikuwa limefika chuo kikuu likiwa limevaa nguo nyingine. Leo wanafunzi na wafanyakazi huwa na wawakilishi katika vikao vya vyuo vyetu vya umma, na Chuo Kikuu cha Sokoine kimekuwa na wakuu wasio marais, kama Al Noor Kassum na Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda.

Mfano wa jirani

Ng'ambo ya mpaka, huko Njoro karibu na Nakuru, pana mfano ambao unatusaidia kufikiri. Mwaka 1939 bwana mmoja wa Kiingereza, Lord Maurice Egerton wa Tatton, alianzisha shule ya ukulima kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa walowezi wakulima. Mwaka 1950 shule hiyo ilipandishwa kuwa chuo cha kilimo, na mwaka 1955 ikatungiwa sheria. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987, kwa sheria ya Bunge, kikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Tazama tofauti ya chanzo. Morogoro ilianzishwa na taifa huru kwa ajili ya wananchi wake. Egerton ilianzishwa na tajiri mmoja kwa ajili ya watu wa rangi moja. Hata hivyo zote mbili zilifika mahali pamoja, zikiachana kwa miaka mitatu tu: chuo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge, chenye Baraza na Seneti. Kwa hiyo asili ya chuo si hukumu yake ya milele. Ardhi iliyotolewa kwa ajili ya wachache yaweza kuwa mali ya wengi, ikiwa sheria itabadilishwa na milango ikafunguliwa. Kinyume chake pia ni kweli. Chuo kilichoanzishwa kwa jina la wananchi chaweza kuwa mali ya wachache, ikiwa vikao vyake vitafungwa na hesabu zake zikafichwa. Ubao wa langoni hautatuambia lipi limetokea.

Turudi ziwani

Ni jambo la kukumbukwa kwamba neno zito kuhusu elimu na kazi lilitolewa pwani ya ziwa hili. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma. Kwa azimio hilo kijana aliyemaliza sekondari alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na wakubwa wake wa kazi walitoa maoni juu ya mwenendo wake. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini wazo lililokuwamo ndani yake halijazeeka: kwamba elimu ya juu ni deni, na mdai ni yule anayelima.

Ikiwa mkulima ni mdai, basi awe na kiti mahali hesabu inaposomwa. Hapa ndipo historia ya Mwanza inapotufundisha tena. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya Waafrika katika bara zima. Chombo kama hicho kiliweza kutuma mjumbe popote, naye akasema kwa niaba ya maelfu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Katika miaka ile ya katikati, hata kama chuo kingetaka kumwita mkulima katika bodi yake, kingemwita nani? Kingemteua mkulima mmoja mwema, naye angeketi akiwa peke yake, bila watu wa kumtuma wala wa kumwuliza alichosema. Kiti pekee hakitoshi. Anayekikalia awe ametumwa, kama nsumba ntale alivyotumwa na wenzake.

Chuo cha Ukiriguru hakikuwa chuo kikuu, wala sidhani kwamba lazima kiwe. Morogoro ilipopanda daraja, kazi ya kuwaandaa mabwana shamba na mabibi shamba wa vijijini iliendelea kubaki kwa vyuo vya wizara kama hiki, na kazi hiyo si ndogo. Leo vyuo vya namna hii viko chini ya Wizara ya Kilimo, na mitaala na mitihani yao husimamiwa na baraza la taifa la elimu ya ufundi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Utafiti nao umewekwa chini ya taasisi ya taifa kwa sheria ya mwaka 2016. Na huko Butiama, mkoani Mara, kimeanzishwa chuo kikuu cha umma cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Pwani yetu sasa ina ngazi zote, kuanzia cheti hadi shahada.

Kwa hiyo namwachia mwanafunzi maswali matatu, ayachukue kila atakapoingia chuo chochote cha umma. Kwanza, nani huketi katika kikao kinachoamua, na aliyemtuma ni nani? Pili, hesabu za fedha na mazao ya shamba la chuo husomwa mbele ya nani? Tatu, mkulima akisema kwamba fundisho fulani limeshindwa katika udongo wake, neno lake hupita njia gani hadi limfikie mwalimu? Chuo chenye majibu ya maswali hayo ni cha umma, hata kama mabati yake yana kutu. Kisichokuwa na majibu bado ni shule ya amri, hata kama kina maghorofa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na najua uzito wa faili na mhuri. Lakini ni mshairi pia, na mila yetu huniruhusu kufunga maneno yangu kwa ubeti:

Chuo si lango na nguzo, wala jina la ubao,
Chuo ni yao mawazo, wakulima na wanao,
Wakiwa na maulizo, wapewe kiti ni chao,
Ukiwafungia hao, umejenga jumba bure.